Scooby-Doo kwenye Spectrum: ngumi nyingi, vinyago havivuliwi

Wiki ya tatu hii kila nikifunga kibanda nalicheza gemu hili la mbwa Scooby-Doo, la kompyuta ya zamani iitwayo Spectrum, kwenye TV ya chogo ya inchi 14, na mbali kabisa nilipofika ni steji ya pili. Anayetaka maoni ya mtu aliyelimaliza aende kwingine. Mimi ni fundi redio hapa Chikongola, Mtwara mjini, miaka hamsini imeshanipita, na vidole vyangu vimezoea bisibisi, havikuzoea kuruka mafuvu. Lakini mashine yenyewe nimeifungua kwa mkono wangu, nimeisafisha, nimeilehemu na nimeifufua, kwa hiyo haki ya kuisema ninayo.

Ililetwa na dada mmoja wa Mikindani, ndani ya kiroba cha mchele. Baba yake, aliyekuwa baharia, alikuwa amefariki, na watoto wakawa wanagawana vitu. Hiki hakuna aliyekitaka. "Fundi, hii ni kalkuleta au nini? Baba alikuwa anajifungia nayo chumbani, sisi tukikatazwa kuingia." Nikatoa kitu cheusi, chepesi kuliko nilivyotarajia, vibonye vya mpira laini kama vya rimoti, na pembeni mistari minne ya rangi: nyekundu, njano, kijani na samawati. Chini yake adapta nzito kama tofali, plagi ya meno matatu bapa kama hizi zetu, na kaseti saba. Moja ilikuwa ya mbwa.

Nilimwambia ukweli kwamba Mtwara nzima sidhani kama yupo wa kuinunua. Akasema basi nimpe elfu thelathini na akija siku nyingine nimwonyeshe inafanya nini. Tukakubaliana.

Kwa wasioijua, hii ni ZX Spectrum ya kilobaiti 48. Kampuni ya Sinclair Research ya Uingereza iliitoa tarehe 23 Aprili 1982, ile ndogo ya kilobaiti 16 ikauzwa pauni 125 na hii kubwa pauni 175. Kilobaiti 48 ni ngapi? Ile picha ya maua na kikombe cha chai anayokutumia shangazi yako kila alfajiri kwenye WhatsApp, "asubuhi njema, Mungu akulinde", haiingii humu. Na ndani ya nafasi hiyohiyo watu waliingiza kasri zima, ngazi zake, milango yake, mizuka yake na mbwa.

Sitawachosha na matengenezo yote, ila mawili lazima niyaseme kwa faida ya fundi mwenzangu atakayekutana nayo. La kwanza, adapta yake ni ya volti 9 na ncha ya katikati ni negativu, kinyume cha adapta nyingi tunazouziwa sokoni. Ukichomeka ya kwako kwa pupa umeua mashine ya watu. La pili, vibonye vikigoma usikimbilie kumlaumu bwana mkubwa, ile chipu ya Z80 ambayo ndiyo ubongo wa mashine. Chini ya mpira kuna utando wa plastiki wenye mikia miwili inayoingia kwenye soketi, na umri ukizidi ile mikia inakuwa mikavu kama ganda la korosho, inakatika palepale inapopinda. Huu wangu nilikata ncha kwa wembe milimita chache nikauchomeka upya, na vibonye vyote vikaitika isipokuwa kimoja, ambacho hadi leo nakibembeleza.

Sasa kuliwasha gemu. Hapa ndipo vijana wa kibanda cha PlayStation cha jirani walipokuja kunicheka, na hapa ndipo walipokaa.

Mashine hii haina diski wala memori kadi. Programu inasomwa kutoka kwenye kaseti, kaseti hizi hizi za taarabu na za Bob Marley, kupitia waya unaotoka kwenye redio ya kawaida. Kibodi yenyewe ina mambo yake: huandiki neno herufi kwa herufi, kibonye kimoja kinatema neno zima. Unabonyeza J, linatokea LOAD. Unashika kibonye kingine pamoja na P mara mbili, zinatokea alama za kunukuu. Unabonyeza ENTER, unawasha kaseti, unasubiri. Pembezoni mwa kioo panaanza kupita mistari minene ya nyekundu na samawati, sauti inalia mfululizo kama mbu aliyeingia sikioni, halafu ghafla mistari inakuwa myembamba, ya bluu na njano, na sauti inageuka kuwa mkwaruzo wa panzi ndani ya kopo. Hiyo ndiyo programu inapita. Unaisikia kwa masikio yako ikiingia! Miaka yote nimetengeneza redio na sijawahi kusikia picha.

Kaseti ya baharia ilikuwa na ukungu mweupe kwenye tepu. Joto na chumvi ya Mikindani haviachi kitu. Nilitia mpira mpya wa kuzungushia kaseti kwenye redio kwa sababu wa zamani ulikuwa umeyeyuka kama jamu, nikafuta hedi, kile kichwa kinachosoma tepu, kwa spiriti, nikaisogeza kidogo kidogo kwa bisibisi hadi sauti ikawa kali. Dakika tano za kusubiri, kisha chini ya kioo maandishi: R Tape loading error. Nikarudia. Tena. Usiku ule nilirudia mara kumi na moja, na mama watoto akapiga simu mara mbili kuuliza kama nimehamia dukani.

Mpwa wangu ndiye aliyenitoa. Ana miaka kumi na mbili, na huwa anakaa nami kibandani baada ya shule. "Mjomba, kama ni sauti tu, si tupige kwenye simu?" Nikamtazama. Tukaitafuta mtandaoni sauti ya kaseti hiyohiyo, tukachomeka waya wa spika kutoka kwenye simu yangu hadi tundu la EAR, lile la mashine la kuingizia sauti, sauti tukaijaza mpaka mwisho. Mistari ikaja. Picha ya mwanzo ikaanza kujichora kwa vipande. Dakika ya nne, simu ikalia "tiu": ni kikundi cha harusi, mtu kaahidi elfu ishirini. Mashine ikasikia ile "tiu" ikadhani ni sehemu ya mbwa, kazi yote ikaharibika. Tangu hapo simu inawekwa kwanza kwenye alama ya ndege.

Tuje kwenye gemu lenyewe.

Katuni ya Scooby-Doo wengi mnaijua. Ilianza kurushwa Marekani Septemba 1969, kazi ya Hanna-Barbera: vijana wanne na mbwa mwoga wanazunguka na gari lao kufukuzia mizimu, na kila mara mzimu unageuka kuwa mlinzi, au mwenye shamba, au mjomba wa mtu, aliyevaa kinyago ili awatishe watu na mali yao. Mimi nimeiona nikiwa mkubwa tayari, maana huku Bara kituo cha televisheni tumeanza kukipata 1994. Gemu lilitolewa na kampuni ya magemu ya Elite mwaka 1986. Humu mbwa yuko peke yake. Wenzake wote wametekwa wamefungiwa ndani ya kasri, na kila steji unamwokoa mmoja. Unakimbia kushoto na kulia ghorofa kwa ghorofa, unapanda ngazi, unaruka mafuvu yaliyotapakaa sakafuni, na milango ikifunguka inatoa mizuka. Ukiukaribia unaupiga ngumi.

Ndiyo, ngumi. Mbwa.

Ile ngumi nimeipenda na sioni haya kusema. Ukibonyeza inatoka hapo hapo, hakuna kusubiri, na umbali wake ukishauzoea unaujua kama unavyojua urefu wa mkono wako gizani. Ukiwahi umepiga hewa na mzuka umekukalia. Ukichelewa, vilevile. Kuna lepe la wakati katikati, na wiki ya kwanza yote nilikuwa nalitafuta. Siku moja nilijikuta napiga mzuka wa kushoto, nageuka, napiga wa kulia, naruka fuvu, nageuka tena, bila kufikiri, mdomo wazi, na chai ya mama ntilie imepoa pembeni. Hiyo dakika moja ndiyo thamani ya gemu.

Ukiokota vile vitafunio vya Scooby unaongezewa roho. Watoto wa mtaa hawakuvijua vinaitwaje, wakaviita ming'oko, ile mizizi ya porini tunayochemsha na kula huku kwetu, na jina limeganda. Sasa ukipita kibandani saa kumi na mbili jioni utasikia, "Nenda juu, juu kuna ming'oko!" Wageni wa kutoka mikoa mingine wanadhani tunauza.

Mabaya yake sasa. Rangi kwanza. Scooby wa katuni ni kahawia, na mashine hii haina kahawia. Ina rangi nane, ukizing'arisha zinakuwa kumi na tano kwa sababu nyeusi haing'ariki, na kahawia haimo. Kioo kimegawanywa vijumba 32 kwa 24, na kila kijumba kinaruhusu rangi mbili tu kwa wakati mmoja. Kitu cha rangi moja kikipita mbele ya kitu cha rangi nyingine, vinaambukizana, kama kanga iliyochapwa vibaya, nyekundu imeruka mpaka wake ikaingia kwenye ua jeupe. Ndiyo maana magemu mengi ya mashine hii yanawachora wahusika kama michoro ya kalamu, bila rangi yao wenyewe. Huyu naye unamtambua kwa masikio, mgongo na ile miguu mirefu, kwa rangi humtambui. Mpwa wangu aliuliza kama ni punda.

Sauti ni vilio vya spika ndogo ya ndani, basi. Hakuna pa kuhifadhi ulipofika. Umeme ukikatika unaanza na J, na mistari, na dakika tano. Na hapa kwetu, mkoa unaochimba gesi Mnazi Bay, umeme bado unakatika kama kawaida. Mara ya kwanza niliyomwokoa mtu wa kwanza nilipiga kelele, nikaita watu waje kuona, na walipofika tulikuwa wote gizani.

Pia mizuka ni mingi mno. Siyo ugumu wa kukufundisha kitu, ni wingi tu. Nimekaa nikaangalia mlango mmoja muda mrefu kama ningeona mpangilio wake, sikuuona. Unaua, mwingine. Unaua, mwingine. Mpwa wangu, aliyefika steji ya pili siku tano kabla yangu na hakosi kunikumbusha, alisema jambo ambalo nimelibeba tangu siku ile: "Mjomba, huyu hachunguzi. Anapiga tu."

Na hapo ndipo gemu liliponiudhi kweli. Mimi ni Mmakonde wa Newala. Nimekua nikiona lipiko, mcheza ngoma wa kinyago, anatoka, kinyago cha mti kimemfunika kichwa chote, mwili umefungwa nguo hadi vidole, ngoma zinalia, na kina mama na watoto wanakimbia wakirudi, wakikimbia wakirudi. Watoto tuliambiwa huyo si mtu. Na wengi wetu tulikuwa tumeshaitambua ile miguu, maana tulikuwa tunaiona kila siku shambani. Lakini husemi. Siri yake haisemwi, na mimi sitaanza leo. Utamu wote uko hapo: kinyago kipo, mtu yumo, na watu wazima na watoto wote mnashikilia pamoja kwamba hayumo.

Katuni ya Scooby-Doo inafanya kinyume kabisa, inavuta kinyago kila kipindi, na ndiyo maana iliponikuta ukubwani ilinishtua na kunichekesha. Kwetu kijana anayevuta kinyago hivyo angeita balaa. Lakini angalau katuni inajua kwamba mambo yote yako kwenye kile kinyago. Gemu halijui. Humu mzuka ni mzuka, unatoka mlangoni, unapigwa, kwisha. Hakuna anayevuliwa, hakuna aliyejificha ndani, hakuna cha kubahatisha. Wamechukua jina la mbwa na umbo lake, wakaacha swali lililomfanya awe na kazi. Ungeweza kumtoa Scooby ukamweka bondia wa Masasi na gemu lisingebadilika hata mlango mmoja.

Nikilitetea kidogo, historia yake inaeleza. Elite walitangaza mwaka 1985 gemu la Scooby-Doo lenye picha kubwa kama katuni yenyewe inavyotembea. Ukishajua kilobaiti 48 ni nini unaona mwisho wake: halikuenea. Wakaliacha, kazi ikapewa Gargoyle Games, kina Greg Follis na Roy Carter, waliokwisha kuonyesha kwenye gemu lao la awali, Tir Na Nog, kwamba wanaweza kumtembeza mtu mkubwa mwenye mwendo mzuri kwenye mashine hii. Wakapunguza ndoto mpaka ikaingia. Mimi nafahamu kazi ya namna hiyo. Mteja anakuja na redio anataka iwe na bluetooth, taa na spika mbili, na wewe unajua boksi lina nafasi ya betri. Unampa redio inayolia. Inalia vizuri. Lakini alipokuja alikuwa na kitu kingine kichwani.

Mwaka huohuo wa 1986, mwezi wa Aprili, Sinclair mwenyewe aliuza biashara yake ya kompyuta kwa Amstrad kwa pauni milioni tano. Naitazama hii mashine juu ya meza, kati ya feni mbili na redio ya bodaboda, nikiwaza pauni milioni tano na elfu thelathini zangu.

Nyota nalipa tatu kati ya tano. Ya nne nilikuwa nimeshaishika mkononi kwa ajili ya ile ngumi, nikairudisha mfukoni kwa ajili ya vinyago. Kama una kompyuta ya kawaida au simu, zipo programu za kuiga Spectrum na utalicheza bila kulehemu chochote, ila utapitwa na mistari na ile sauti, na mimi naona hiyo ni nusu ya chakula. Watoto chini ya miaka minane watalia mapema, roho zinaisha haraka. Wa miaka kumi na kuendelea watacheka kwanza, kisha watapanga foleni. Vijana wa PlayStation waliokuja kunicheka sasa wanajiandika majina kwa chaki kwenye mlango wangu, na mmoja anadai amemwokoa wa pili. Shahidi hana.

Dada wa Mikindani alikuja Alhamisi iliyopita, kama tulivyoahidiana. Nikamwekea kiti, nikawafukuza watoto, nikaweka simu kwenye alama ya ndege, nikabonyeza J. Mistari ilipoanza na ile sauti ikalia, alishika mkono wa kiti.

"Hii! Fundi, hii sauti naijua."

Akaniambia kwao walikuwa na TV miaka ambayo hapakuwa na kituo cha kuangalia, majirani wakisema baharia amekuja na kabati la kioo lisilo na kazi. Usiku mlango ukifungwa walikuwa wanasikia huo mlio, yeye na kaka zake, wamelala upande wa pili wa ukuta. Kaka mkubwa aliwaambia baba anaongea na meli. Waliamini. Yeye aliamini mpaka Alhamisi.

Gemu likafunguka. Nikamwonyesha vibonye, akapiga mizuka miwili, akafa kwenye fuvu la kwanza. Nikamwambia ajaribu tena, roho bado zipo. Akasema hapana, mbwa hana haja naye, nimrudishie pale mwanzo. Nikachomoa umeme, nikachomeka, J, alama za kunukuu, ENTER. Alikaa amefumba macho dakika zote tano.